Hamburg hadi Nordkapp kwa gari la kulala, mwezi wa tatu: nani amewahi?

Mama Zuhura, Hamburg

Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya mlioko huko juu Norwe, hasa mnaoendesha.

Shule za hapa Hamburg zinafunga wiki mbili mwezi Machi, na safari hii tumekubaliana hatushindi ndani. Tupo wanne: mimi, Baba Zuhura, binti yetu wa miaka saba, na shemeji, mdogo wake mume wangu aliyeko Bremen. Shemeji ana Fiat Ducato ya zamani iliyokuwa ikibeba vifurushi. Ameigeuza mwenyewe kwa mikono yake: vitanda, jiko la gesi, sinki, sola juu ya paa, na hita ya dizeli aliyoiagiza mtandaoni. Ukimkosoa kwa hilo gari hamwelewani wiki nzima.

Mpango wake: tunavuka kwa feri Puttgarden, tunapita Denmark na daraja la Øresund, Uswidi yote mpaka Kiruna, kisha Narvik, Tromsø, Alta, Nordkapp, ile rasi ya huko juu kabisa, tupige picha chini ya lile tufe la chuma, halafu tushuke visiwa vya Lofoten na kurudi nyumbani. Siku kumi na mbili. Anasema watu wazima watatu watapokezana usukani, tutalala popote kwa sababu sheria ya Norwe inaruhusu, na hita inatosha.

Mimi ninachotaka ni kuona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, mtoto ateleze kwenye theluji mpaka achoke, na nirudi kazini mzima, maana ni muuguzi na zamu hazisubiri. Ndani ya familia kila mtu yuko upande wa shemeji, ndiyo maana nimekuja kwenu. Siku hizo zinatosha? Gari lake linafaa au tukodi huko huko? Na jamani, mtu anapika nini ndani ya gari kwenye baridi ile?

Dereva wa Narvik

Dada, salaam. Mimi mtu wa Changamwe. Zamani trela za Mombasa hadi Malaba, sasa natoa samaki Lofoten na Vesterålen nawashusha Narvik, wapande treni ya kwenda Oslo kupitia Uswidi. Barabara ya E10 ndiyo ofisi yangu. Shemeji msalimie sana, nina maneno naye, lakini tuanze na hesabu.

Hiyo njia aliyoichora inapita kilomita 6,500. Gawa kwa siku kumi na mbili, ni zaidi ya 540 kila siku ya Mungu, bila siku moja ya kusimama mtoto akacheza. Kwenu Ujerumani hizo ni kilomita za kuanzia asubuhi na kumaliza mchana. Huku nje ya miji mwisho ni 80, na Machi juu ya barafu ukienda 60 umekwenda vizuri. Hapo nazungumzia siku ambayo njia iko wazi.

Kwa sababu njia hufungwa. Hili watu wa kusini hawalikubali mpaka wafike kwenye geti lenyewe. Kati ya Kiruna na Narvik kuna Bjørnfjell. Kati ya Narvik na Tromsø kuna Gratangsfjellet. Ukitoka Alta kwenda Nordkapp kuna Sennalandet, uwanda mtupu, upepo hauna wa kuuzuia. Theluji ikianza kuhamishwa na upepo, geti linateremshwa na hakuna wa kumbembeleza. Pengine hufungua kwa msafara: mnapangwa mstari, greda la theluji linatangulia, mnafuata taa nyekundu za aliye mbele. Hakuna kupita, hakuna kugeuza, hakuna kushuka kupiga picha. Na wanaoongoza msafara wana haki ya kukuambia wewe baki, wakiona gari halifai, au mafuta haba, au watu wamevaa viatu vya mjini.

Kilomita 13 za mwisho za Nordkapp, kutoka njia panda ya Skarsvåg, majira ya baridi ni msafara peke yake, kwa saa zilizopangwa. Upepo ukizidi, hata huo msafara haupo. Mtu anaweza kutoka Hamburg, akalala Honningsvåg usiku mmoja, wa pili, akageuza bila kuliona hilo tufe. Na hana wa kumlaumu.

Sasa Ducato. Gari zuri la kazi, silitukani. Lakini linavutwa na matairi ya mbele, na shemeji uzito wote ameuweka nyuma: vitanda, maji, betri. Kwenye mlima wenye barafu tairi za mbele zitazunguka bure. Tena Ujerumani tairi za misumari ni marufuku, kwa hiyo atakuja na zile za baridi za Ulaya ya kati, zilizotengenezwa kwa mvua na theluji laini ya kwenu. Sheria ya huku haimkatazi. Mikoa ya huku juu, Nordland, Troms na Finnmark, kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili, gari lisilozidi tani 3.5 linatakiwa liwe na meno ya tairi yasiyopungua milimita 3, basi. Lakini sheria na kupanda mlima ni vitu viwili. Mimi nimeteremka Salgaa na mzigo wa saruji nyuma, mteremko naujua. Huku, barafu ikilowa maji juu, ukikanyaga breki gari halikusikilizi tena. Unashika gia ya chini tangu kileleni, unateremka nayo, mguu mwepesi.

Ushauri wangu: pandeni ndege mpaka Tromsø, kodini gari la huko huko. Lina tairi za misumari, lina dizeli ya baridi tangini, lina waya wa kupasha injini ukilala kwenye kambi. Kisha punguzeni njia. Nordkapp iacheni kwa majira ya joto. Siku mbili za kwanza lalani kambi yenye umeme pale Tromsø, mjifunze gari kabla gari halijawafunza. Baadaye nendeni Skibotn, mwendo wa kama saa mbili, ndani kidogo kuelekea mpaka wa Finland. Mawingu ya bahari humwaga theluji kwenye milima kabla ya kufika pale, ndiyo maana chuo kikuu cha Tromsø kiliweka darubini zake hapo. Tromsø mjini unaweza kukaa wiki nzima chini ya wingu. Kutoka Skibotn rudini E6 mpaka Bjerkvik, mkate E10 kwenda Svolvær, Henningsvær, na mkiwa na nguvu Reine. Machi mwanzoni mchana una masaa kama kumi, endesheni ndani ya hayo tu. Na usiku mbili ziacheni wazi kabisa, zisipangiwe kitu. Hizo ndizo mtakazozitumia geti likishuka.

Kuhusu kulala popote, hapa shemeji amesoma nusu. Ile sheria ya 1957 ni ya mguu na hema: mita 150 kutoka nyumba ya mtu, usiku mbili mahali pamoja. Gari haliruhusiwi kuacha barabara likaingia porini. Unachoruhusiwa ni kuegesha pasipo na kibao cha kukataza, na Lofoten siku hizi vibao vimekuwa vingi kuliko samaki.

Niruhusu nitoe langu la moyoni hapa. Kuna sehemu pana kando ya milima ambazo ni za sisi wenye malori kufunga minyororo ya tairi. Zina kibao. Watalii wanafika saa moja jioni, wanaona pamesafishwa theluji, pana nafasi, wanavuta mapazia wanalala. Mimi nafika saa nane usiku na kontena la samaki, natakiwa kufunga minyororo kabla ya kupanda, pa kusimama sina. Nifunge katikati ya barabara? Vile vile kibao cha buluu chenye herufi M kwenye njia nyembamba: hapo ni pa kupishana magari, si pa kupumzikia wala kupikia chai. Na pale Reine, wallahi, watu wanasimama katikati ya E10, milango wazi, wanapiga picha mlima. Lori la tani 50 halisimami kwenye barafu kwa sababu wewe umependa mlima. Tafuta maegesho, tembea, mlima hauhami.

Fundi Betri, Göteborg

Dereva kamaliza ya barabara, mimi niseme ya ndani ya gari, maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza shemeji tumpe heshima yake, kugeuza gari mwenyewe si mchezo. Lakini kauli ya "hita inatosha" ina shimo. Hita inakula dizeli, sawa, ila inawashwa na umeme. Kila inapojiwasha plagi yake inanyonya umeme mwingi kwa dakika kadhaa, na feni inazunguka usiku kucha. Betri ikilegea, hita inazima saa tisa usiku na tangi limejaa. Kwa hiyo kinachowapa joto ni betri. Zile za risasi hupungua nguvu kwenye baridi. Za lithiamu ni nzuri, lakini hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika, hivyo lazima zikae ndani kwenye joto na siyo kwenye sanduku chini ya gari. Sola huko Machi jua liko chini sana, na paneli imefunikwa theluji, usiihesabu. Kanuni yangu kwa wateja: kila baada ya usiku mmoja wa porini, unaofuata uchomeke umeme wa kambi.

Gesi: ulizia ndani ya mtungi kuna nini. Butani ikifika karibu na sifuri haigeuki hewa, mtungi mzito lakini jiko haliwaki. Propani inavumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi ya kambi za kiangazi mara nyingi ni mchanganyiko.

Maji: tangi la chini ya gari sahauni. Chukueni madumu ya lita kumi, yakae ndani. Sehemu za kumwaga maji machafu nyingi hufungwa au huganda, kwa hiyo kabla ya kuondoka kambini mwageni kila kitu hapo.

Na hili si la mjadala: king'ora cha monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya moshi, kimoja karibu na vitanda, hata kama gari ni la kukodi. Kabla ya kulala zungukeni gari na sepetu, muondoe theluji kwenye bomba la moshi la hita. Theluji ikipanda usiku ikaliziba, moshi unatafuta njia nyingine, na wewe muuguzi unajua mwisho wake. Hita za kujifungia nyumbani nimeziona zenye bomba la moshi lililoishia chini ya sakafu badala ya kutokeza pembeni. Shemeji aangalie yake hata kama haendi popote.

Msukuma wa Oulu

Ndugu zangu, kumbe kuna watu wanalipa nauli kuja kulala kwenye baridi? Mimi natafuta wa kunilipia nauli ya kwenda Mwanza.

Mama Furaha, Alta

Jambo bandugu. Mimi niko Alta tangu tulipotoka kambi ya Nyarugusu, watoto wangu wadogo wamezaliwa huku. Nimesoma maneno ya kaka Dereva, ni ya kweli, lakini anawatisha watu na Finnmark kwa sababu yeye samaki wake hawafiki huku.

Mama Zuhura, kama unachotaka ni taa za kaskazini, wenye elimu walikuja kuzitafuta kwetu kabla ya Tromsø. Juu ya mlima Haldde kuna nyumba ya mawe iliyojengwa 1899 kwa kazi hiyo tu. Alta ni pakavu, mbingu zake ni safi. Baridi inashuka kuliko pwani, ndiyo, lakini ni baridi kavu. Mimi Tromsø nilitetemeka kwenye nyuzi mbili chini ya sifuri zenye mvua na upepo, Alta nyuzi 20 nakwenda sokoni kwa miguu. Msiingie tu ndani sana kwa gari mwezi huo kama hamjazoea. Karasjok ndiko waliwahi kupima nyuzi 51.4 chini ya sifuri, mwaka 1886, na hakuna aliyevunja hiyo rekodi Norwe mpaka leo. Nami ningekuja kwa ndege mpaka Alta, nikodi hapa, nizunguke hapa hapa siku nne tano, nisiendeshe nusu ya nchi.

Sasa chakula, maana wanaume hawa wameandika kurasa bila kumjibu dada. Usipike ugali ndani ya gari. Usichemshe maharage. Mvuke wote unakwenda kwenye vioo na kwenye kuta nyuma ya vitanda, usiku unaganda, asubuhi hita ikipata nguvu unawanyeshea mvua humo ndani, magodoro yanalowa na hayakauki tena mpaka mrudishe gari. Pika nyumbani kwako Hamburg: mchuzi wa nyama, maharage, pilau. Gandisha kwenye mifuko, weka kwenye sanduku la ndege. Huko unapasha tu, sufuria ikiwa na mfuniko na tundu la paa limefunguliwa kidogo. Ugali pikeni kambini, kambi nyingi zina jiko la wageni. Unga njoo nao, ila viazi uviache, forodha ya Norwe hairuhusu kuingiza viazi.

Mtoto umvalishe sufu inayogusa ngozi, si pamba. Pamba ikilowa jasho la kuteleza inabaki na baridi mwilini. Soksi moja nene ya sufu, kiatu kikubwa kidogo, vidole vicheze. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ndizo zinazoleta kilio.

Mama Zuhura, Hamburg

Jamani asanteni, nimesoma yote kwa sauti mezani. Shemeji alinuna hadi kwenye bomba la moshi, hapo akainuka kimya akaenda kuangalia. Limeishia chini ya sakafu. Anasema atalirefusha, na kwamba mwezi wa saba Ducato itakwenda Nordkapp mtake msitake.

Tumekubaliana ndege na kukodi. Baba Zuhura anataka Lofoten, mimi mama wa Alta amenivuta, lakini tutashika njia ya Dereva: Tromsø, Skibotn, Lofoten, na gari turudishie uwanja wa ndege wa Evenes ili tusirudi njia ile ile. Usiku tisa, mbili wazi. Mama Furaha, tukirudi kiangazi tutapita kwako na unga.

Mawili yamebaki. Shemeji ana leseni ya Ujerumani, mimi pia. Mume wangu bado ana ya Tanzania, alitufuata hapa kwa utaratibu wa familia, mwaka haujaisha ila nusu yake imeshapita. Anaweza kuendesha huko? Na kwenye kukodi niangalie nini, maana picha zote zinafanana.

Dereva wa Narvik

Shemeji mwungwana, aliyekubali kuinuka mezani kwenda kuchungulia bomba lake mwenyewe. Hiyo safari ya mwezi wa saba mimi naiunga mkono.

Leseni: mkazi wa Ujerumani mwenye leseni ya Tanzania anapewa miezi sita tangu ahamie, baada ya hapo abadilishe. Kama nusu mwaka imepita, hata hapo Hamburg asishike usukani. Asiandikwe kama dereva wa gari la kukodi, siku ya ajali bima itaanza na swali hilo. Mwacheni awe mtu wa ramani na simu, kazi si ndogo: kila asubuhi kabla injini haijawashwa apige 175, namba ya taarifa za barabara, aangalie hali ya hewa kwenye yr.no na hatari ya maporomoko ya theluji kwenye varsom.no. Mkisikia geti limeshuka, chai nyingine.

Kukodi: hesabu viti, usihesabu vitanda. Magari mengi yanaandikwa "watu wanne" kwa maana ya kulala, ukifungua mlango mikanda ni mitatu. Ulizeni kwa maandishi viti vinne vyenye mikanda, na cha mtoto. Ulizeni hita ni ya dizeli au ya gesi, tairi ni za misumari au la, minyororo imo, na bima inasemaje juu ya mlango uliong'olewa na upepo. Huo ndio uharibifu ninaouona kila juma kwenye kituo cha mafuta: mtu kaegesha kapa upepo mgongo, kafungua mlango kidogo, upepo umemalizia. Egesha pua ikiangalia upepo, fungua kwa mikono miwili, mtoto asifungue peke yake. Na madaraja marefu upepo ukivuma huzuiliwa kwa magari marefu kwenda juu, nanyi mmo humo.

Kadi ya benki muwe na namba yake ya siri kichwani, vituo vingi vya mafuta havina mtu. Jazeni tangi likifika nusu, msisubiri taa. Shemeji asinywe hata bia moja akiwa na zamu ya usukani, kiwango cha pombe kwenye damu huku ni 0.2 kwa elfu na hawacheki.

Mnakuja msimu mzuri. Machi ndiyo chewa wakubwa wamefika Lofoten kuzaa, boti zinarudi bandarini zimejaa, na kwenye majukwaa ya miti mtaona samaki wametundikwa wawili wawili, maelfu, wanakaushwa na upepo bila chumvi. Vichwa vyao vinafungwa kamba vikakaushwa peke yake, hivyo vinakwenda Nigeria kwa supu. Zuhura ataziba pua, lakini mwonyesheni.

Tarehe zikikaa sawa niandikie hapa. Wiki hiyo nikiwa zamu ya mchana tutakutana kituo cha mafuta cha Bjerkvik, shemeji aje na glavu za kazi nimwonyeshe kufunga minyororo, na huo mchuzi wa nyama kama umebaki mfuko mmoja mimi sikatai.